Tulimcheka Kepteni wa "Ndege ya Uongo". Sasa Tukae Tusome Historia Yake

Leo sina habari ya nani kaachana na nani wala nani kanunuliwa gari na nani. Leo nina deni, tena la kujitakia.

Ile picha mnaikumbuka. Kijana wa huku kwetu ziwani, jina silitaji, na wewe unayemjua funga mdomo, alijiposti amekaa kwenye kiti cha rubani. Shati jeupe limenyooka, hedifoni masikioni, vitufe na taa kila kona, na nje ya kioo unaiona njia ya kurukia ndege na jua linazama. Chini akaandika neno moja tu: "Ofisini." Likes zikamiminika kama usipa kwenye wavu msimu wake. Halafu akatokea fundi mmoja wa kuchunguza picha (kila grupu linaye mtu wa hivi), akaikuza, akaonyesha nyuma ya kiti kuna mlango kama wa kontena na nyaya nene zimelala sakafuni. "Wazee, hiyo siyo ndege. Hiyo ni mashine ya gemu."

Basi, kazi ikaisha. Kuanzia siku ile jamaa akabatizwa Kepteni PlayStation. Na mimi, kwa kuwa ukurasa nao unataka watu, nikaibeba ile picha, nikaweka vikatuni saba vya kucheka na maneno ambayo leo siyarudii.

Wiki iliyofuata niko kwenye kibanda changu hapa Mbaha, ninachaji simu za watu, mama yake akaja. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye benchi akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Baba, wewe ndiye unayeandika mambo kwenye simu. Nieleze ukweli. Lile shamba la kahawa la marehemu, kule juu Mbinga, tuliliuza huyu mtoto akasome urubani. Sasa watu wananiambia anasomea ndege ya uongo. Ile hela imeenda kwenye gemu?"

Sikuwa na jibu. Kucheka najua, lakini kile nilichokuwa nakicheka sikukijua. Nikamwambia, mama, nipe siku chache. Nikanunua bando nikaanza kusoma, usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Na yule kijana nikamtumia ujumbe inbox kumuomba radhi na kumuuliza. Alijibu mistari miwili tu: "Ndege ndogo nilishamaliza, nimerusha mwenyewe hewani. Hiyo ni simuleta ya ndege kubwa, ndiko wote tunakopita." Hakuongeza neno, na ningekuwa yeye hata mimi nisingeongeza.

Sasa twende na historia, maana ina mambo.

Kwanza elewa kwamba kujifunzia kwenye ndege isiyoruka siyo mambo ya kompyuta. Ni jambo la zamani karibu sawa na ndege yenyewe. Wale ndugu wawili wa Marekani walirusha ndege yao ya injini Desemba 1903. Haikupita miaka kumi, Wafaransa tayari walikuwa na kifaa cha kuchekesha kweli: nusu mbili za pipa la mbao, moja juu ya nyingine, mwanafunzi anakaa juu ameshika magurudumu ya kuongozea, na wenzake wanaliyumbisha lile pipa kwa mikono huku yeye anahangaika kulirudisha sawa. Pipa, jamani! Na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walikuwa na ndege zilizokatwa mabawa, zinakimbia uwanjani kama kuku aliyefungwa kamba lakini haziwezi kuinuka. Waliziita Pengwini. Mwanafunzi akishaweza kuikimbiza Pengwini bila kuipindua, ndipo anapewa yenye mabawa kamili.

Ukiwa umekulia huku ufukweni unalielewa jambo hili bila mwalimu. Sisi wote tuliupitia ule mtumbwi mbovu unaooza mchangani. Watoto watano mnapanda, mmoja anashika kasia, anapiga mchanga, mwingine anaigiza mawimbi kwa kuutikisa, na kaka mkubwa anapiga kelele "mwera huo unakuja, geuza!" Hakuna aliyekuwa anasema yule mtoto ni mvuvi wa uongo. Ila pia hakuna mzazi aliyemruhusu aende kutega nyavu usiku kwa sababu tu kaweza kupiga kasia mchangani. Mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja, na karibu ugomvi wote wa simuleta na ndege halisi, miaka zaidi ya mia, uko hapo hapo.

Mtu aliyeibadilisha kazi alitoka kwenye kiwanda cha vinanda. Edwin Link, Mmarekani wa mji wa Binghamton, baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda vya hewa. Kijana alitaka kujifunza urubani na masomo yalikuwa ghali kuliko mfuko wake (hapo akanigusa). Akachukua mivukuto ya vinanda, ile mifuko ya ngozi inayojaa na kutoa hewa, akaitia chini ya kijindege cha mbao. Ukisukuma usukani, hewa inaingia huku inatoka kule, kijindege kinainama, kinageuka, kinatikisika. Ilikuwa 1929. Akawapelekea wakubwa wa anga, wakamwona mtu wa michezo. Unajua mashine zake za mwanzo aliziuza wapi? Kwenye viwanja vya burudani. Watu wanatia sarafu wanabembea. Kwa hiyo wale mliosema "gemu", mko sawa na watu wa 1930, hongereni.

Kilichowageuza mawazo ni misiba. Mwaka 1934 serikali ya Marekani ilinyang'anya mashirika kazi ya kubeba barua kwa ndege ikawapa wanajeshi. Ilikuwa majira ya baridi, mawingu, ukungu, safari za usiku, na marubani wengi walikuwa wamezoea kurusha kwa macho tu, wanaangalia mto, reli, mji. Wakiingia kwenye wingu wanapotea. Ndani ya wiki chache zaidi ya marubani 10 walikuwa wamekufa. Jeshi likamkumbuka yule mtu wa vinanda. Inasimuliwa kwamba siku ya kukutana nao hali ya hewa ilikuwa mbaya sana, wakubwa wakataka kuondoka wakijua hatafika, mara wakasikia mlio. Link kaja kwa ndege, katikati ya ule ukungu, anasoma vipimo tu. Wakanunua mashine 6, kila moja dola 3,500. Ilipokuja Vita ya Pili zikatengenezwa kama 10,000, na marubani wa mataifa mengi walianzia ndani ya lile sanduku la rangi ya bluu lenye kifuniko, gizani, bila dirisha.

Shika hapo kwenye "bila dirisha", nitarudi.

Baada ya vita ndege za abiria zikakua. Pan Am walipata simuleta ya ndege yao ya Stratocruiser mwaka 1948, ina vitufe vyote ila haitikisiki wala haionyeshi kitu nje. Baadaye wakaleta picha, na hapa nilicheka peke yangu saa nane usiku. Walitengeneza ubao mkubwa wenye mji mdogo, vinyumba, vimiti, kiwanja cha ndege cha kuchezea, halafu kamera ya televisheni inatambaa juu ya ule ubao kufuata usukani wa rubani. Ukikosea kutua, kamera inagonga kijiji.

Lakini mashirika bado hayakuamini. Mazoezi magumu, kama injini kuzimika wakati wa kupaa au kutua, yalifanywa kwenye ndege halisi. Mkufunzi anazivuta injini chini makusudi, mwanafunzi apambane. Na hapo ndipo watu walipokufa kwa ajili ya kufanya mazoezi ya kutokufa. Agosti 1959 Boeing 707 ya American Airlines, mpya kabisa, ilianguka kwenye mazoezi New York, wote watano ndani wakafa. Machi 1967 huko New Orleans, DC-8 ya Delta ilikuwa inajifunza kutua injini mbili zikiwa zimeshushwa nguvu. Ikaanguka kwenye nyumba na hoteli iliyokuwa karibu na uwanja. Waliokufa ni 19. Kwenye ndege walikuwa 6 tu. Waliobaki 13 walikuwa chini, wamelala zao, wakiwemo wanafunzi wa sekondari waliokuwa kwenye safari ya kumaliza shule.

Hiyo habari niliisoma mara mbili. Wanafunzi wa sekondari wamelala hotelini, wala hawakukata tiketi ya ndege ile.

Kwa hiyo mtu anapouliza kwa nini rubani wa ndege kubwa asijifunzie kwenye ndege yenyewe ya kweli, jibu ni kwamba walijaribu, na makaburi yapo. Miaka ya sitini na sabini simuleta zikaanza kusimama kwenye miguu sita ya kusukumwa kwa mafuta, zinatikisika pande zote, na mwaka 1980 mamlaka ya anga ya Marekani ikatoa mpango wa kuruhusu mafunzo mengi zaidi yahamie humo. Leo ile ya daraja la juu kabisa inagharimu dola milioni 10 na kuendelea. Wewe unaita gemu, bei yake ni zaidi ya shilingi bilioni ishirini. Na kwa rubani mwenye uzoefu wa kutosha wa ndege kubwa, sheria za nchi nyingi zinaruhusu ahamie aina nyingine ya ndege kwa kusomea simuleta tupu. Maana yake siku ya kwanza anayoishika ile ndege yenyewe hewani, nyuma kuna abiria. Pembeni yake anakaa kepteni mkufunzi, usizimie. Na kila baada ya miezi kama sita anarudishwa kwenye simuleta: injini inawaka moto, moshi unaingia, mwenzako anazimia. Ukifeli, huendi kazini.

Kwetu Afrika Mashariki mambo yalianzia mbali. East African Airways ilianza 1946 na vindege vya mabawa mawili-mawili vya mbao na kitambaa, Dragon Rapide. Hata ziwa letu hili liliwahi kutuliwa na ndege: 1949 hadi 1950 ndege za Waingereza za kutua majini, kutoka Southampton kwenda Afrika Kusini, zilikuwa zinashuka Cape Maclear, upande wa Nyasaland, Malawi ya leo. Shirika letu la jumuiya likapata Comet 1960, baadaye Super VC10, ndege za hadhi kweli. Mwaka 1971 chuo cha urubani cha jumuiya kikaanza Soroti, Uganda, vijana wa nchi tatu wanasoma pamoja. 1977 jumuiya ikavunjika na shirika likafa, tukabaki kila mtu na lake, sisi tukaanzisha Air Tanzania mwaka huo huo. Soroti ikabaki Uganda.

Njia ya kijana wetu wa leo iko hivi kwa ufupi. Unaanza na ndege ndogo, ya kweli, hewani, na mwalimu pembeni. Leseni ya mwanzo si chini ya saa 40. Ile ya kufanyia kazi ni kama saa 200, au 150 kama chuo chako kina kozi iliyoidhinishwa. Hizo ni za jasho na mafuta, kila saa hela. Na ni hatari pia, msidhani. Machi 5, 2024 Nairobi, ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana hewani na ndege ya abiria iliyokuwa imetoka uwanja wa Wilson kwenda Diani na watu 44. Kubwa ikarudi ikatua salama. Ndogo ikaanguka kwenye mbuga ya Nairobi, mwalimu na mwanafunzi wake wakafa wote. Ukishamaliza hizo ndogo, ndipo unaenda kwenye simuleta ya ndege kubwa utakayoajiriwa nayo, na mara nyingi hiyo ni kupanda ndege kwenda nje ya nchi. Addis Ababa, kwenye chuo cha Ethiopian, ndiko penye mashine nyingi. Huko ndiko ile picha ya "ofisini" inakopigwa.

Nilipofika hapa nilitaka niandike "kwa hiyo mama, ondoa shaka" nilale. Ila nikaendelea kusoma, na nikakuta upande mwingine, ambao nao lazima niuseme.

Simuleta inaweza kudanganya. Chukua miguu yake sita. Haiwezi kusafiri, inacheza pale pale. Ikitaka uhisi ndege inaongeza kasi, inainua pua, uzito wako unakuvuta nyuma kwenye kiti, ubongo unasema "tunakwenda". Ni kiini macho kizuri. Lakini kuna mambo ya mwili ambayo haiwezi. Mei 5, 2007, usiku wa manane, Boeing 737-800 ya Kenya Airways ilipaa kutoka Douala, Cameroon, mvua na giza totoro. Kepteni alikuwa mtu mzima wa miaka 52, msaidizi wake kijana wa miaka 23. Kepteni akasema mtambo wa kujiendesha uwashwe, na haukuwaka, na hakuna aliyehakikisha. Ndege ikaanza kulalia kulia polepole. Polepole kiasi kwamba sikio la ndani halikusikia chochote. Nje hakuna taa, hakuna upeo wa macho. Waliposhtushwa na mlio wa onyo ilikuwa imeshainama sana, na kepteni, kwa kuchanganyikiwa, akaizidishia upande mbaya. Chini ya dakika mbili toka wapae, wakaanguka kwenye kinamasi cha mikoko. Watu 114, hakuna aliyepona. Mabaki yalitafutwa hadi siku ya pili yake, kumbe yako kilomita chache tu kutoka uwanjani.

Ndiyo maana nilikwambia shika lile sanduku la Link lisilo na dirisha. Somo la 1934 lilikuwa hilo hilo: usiamini mwili, amini vipimo. Miaka 73 baadaye bado lilikuwa linaua watu wa kwetu, kwenye ndege yenye umri wa miezi sita tu.

Wakati mwingine simuleta inafundisha kitu kibaya kabisa. Novemba 2001 Airbus ya American Airlines ilianguka New York, watu 265 wakafa wakiwemo watano waliokuwa chini. Rubani msaidizi alikutana na hewa iliyovurugwa na ndege kubwa iliyotangulia, akakanyaga pedali za usukani wa mkia kwa nguvu, kulia kushoto kulia, hadi mkia ukakatika. Wachunguzi walisema mafunzo ya shirika yalichangia: zoezi lao kwenye simuleta liliifanya ile hewa ionekane hatari kuliko ilivyo, likamzoesha mtu kuchukua hatua kubwa. Kwa maneno ya huku, kaka mkubwa kautikisa mtumbwi mbovu mno mchangani, mtoto alipofika majini akaogopa wimbi dogo.

Na kuna ile ambayo inatuuma wote. Machi 10, 2019, Ethiopian kutoka Addis kwenda Nairobi, Boeing 737 MAX. Watu 157 kutoka nchi 35, Wakenya peke yao 32. Dakika sita tu hewani. Kepteni alikuwa na miaka 29 na saa zaidi ya 8,000, mwenzake miaka 25 na saa 361. Maneno yalianza siku ile ile huko nchi za wenzetu, "aa, marubani wa Afrika, saa chache." Mlikuwepo, mlisoma. Sasa sikilizeni. Ile ndege ilikuwa na programu ya kompyuta inayosukuma pua chini yenyewe kwa kutegemea kipimo kimoja tu, na marubani walikuwa hawajaelezwa hata kwamba ipo, hadi ya kwanza ilipoanguka Indonesia Oktoba 2018 na watu 189. Kampuni ilikuwa imeuza ndege kwa sifa kwamba rubani wa 737 ya zamani haitaji simuleta, anasoma kozi fupi kwenye tableti inatosha. Kuna shirika moja la Marekani waliliahidi punguzo la dola milioni moja kwa kila ndege endapo simuleta itahitajika. Soma tena hapo. Ilikuwa na faida mtu asifundishwe.

Ethiopian wao walikuwa wamenunua simuleta ya MAX, walikuwa kati ya wachache duniani. Na Mei 2019 kampuni ikakiri kwamba programu ya simuleta hizo ilikuwa na kasoro, haikuweza kuiga baadhi ya hali kama zile za ajali. Lile gurudumu la mkono ambalo rubani anatakiwa kulizungusha kuokoa ndege, kwenye simuleta lilikuwa jepesi kuliko kwenye ndege inayokimbia kwa kasi ile. Kwa hiyo hata ungemfungia yule kijana humo ndani siku nzima, mashine isingemwonyesha kitakachomkuta. Januari 2020 ndipo wakasema, haya, simuleta ni lazima. Watu 346 wameshazikwa.

Kitu cha mwisho nilichokitafuta ni cha huku kwetu, maana tunaishi na maji. Ndege kutua majini kwa dharura, simuleta inafundisha? Kwa sehemu kubwa, hapana. Ile iliyotua kwenye mto Hudson, New York, Januari 2009, watu 155 wote wazima, kepteni wake alieleza kwamba jambo lile walilizungumzia darasani tu, simuleta yao haikuwa na maji ya kutulia. Na kabla yake, Novemba 1996, Ethiopian nyingine iliyokuwa inakuja Nairobi ilitekwa, watekaji wakalazimisha iende Australia. Mafuta hayatoshi, kepteni anawaambia, hawaelewi. Injini zikazima, akaitua baharini karibu na ufuko wa Ngazija, huku anapigana na watu ndani ya chumba chake. Ilikuwa mara yake ya tatu kutekwa, mara ya tatu! Waliokuwemo 175, wakapona 50. Wengi walikuwa wameshajaza hewa maboya yao wakiwa bado ndani, maji yalipoingia wakaelea hadi darini wakashindwa kutoka. Waliowahi kuwaokoa ni watu wa ufukweni, wenye boti, wapiga mbizi, watalii. Kama ilivyokuwa Bukoba Novemba 6, 2022, ndege ilipoingia Ziwa Victoria na watu 43: wavuvi na mitumbwi yao ndio walifika mwanzo, 24 wakatoka hai, 19 wakafa, na marubani wote wawili wamo.

Bukoba ilipotokea nilikuwa naangalia video kwenye simu na wazee wa hapa wanaangalia juu ya bega langu. Mzee mmoja mvuvi alisema tu, "Hawana kamba ndefu." Alikuwa anaangalia kama mtu wa kazi. Hakuna simuleta ya yale.

Jumamosi nikapanda kwa mama yake yule kijana, na daftari. Sikumficha hizo mbaya. Nilimweleza pipa, kinanda, hoteli ya wale wanafunzi, Douala, gurudumu jepesi. Alisikiliza huku anachambua mahindi. Nilipomaliza akauliza maswali mawili. La kwanza, je, ndege ndogo ile alirusha kweli mwenyewe, juu? Nikamwambia ndiyo mama, peke yake, hakuna leseni bila hiyo. La pili, siku ya kwanza akiwa na watu nyuma, nani atakaa pembeni yake?

"Mkufunzi," nikamwambia. "Kepteni wa siku nyingi, anayemwangalia mikono."

Akaendelea na mahindi yake. Kisha akasema, "Ile picha uliyoiweka na vile vikatuni, itoe." Nikaitoa pale pale mbele yake, mtandao unasumbua, ikachukua dakika kama nne, naye akasubiri mpaka nikamwonyesha imetoka.